Faulo za makusudi kwa wasiojua mitupo huru: zilikotoka, na kwa nini zifutwe kabisa

Tarehe 20 Januari 2016, robo ya tatu ilipoanza mjini Houston, K.J. McDaniels wa Houston Rockets hakuhangaika na mpira. Alimfuata Andre Drummond wa Detroit Pistons, akamshika, refa akapuliza filimbi. Mpira ukarushwa ndani, akamshika tena. Alifanya hivyo mara tano ndani ya sekunde tisa za mchezo.

Hakuwa na hasira, alitumwa na benchi. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, timu ikifikisha faulo ya tano katika robo moja, anayefanyiwa faulo anapewa mitupo miwili huru hata kama hakuwa akifunga. Houston waliijaza hesabu hiyo haraka ili Drummond aanze kwenda mstarini. Usiku ule alitupa mitupo 36 na kukosa 23, rekodi ya ligi. Detroit wakashinda 123 kwa 114.

Mstari wa mitupo huru uko kama mita 4.6 kutoka ubaoni, na hakuna anayekukaba. Mchezaji wa kawaida wa NBA huingiza mitatu katika kila minne, kwa hiyo kumfanyia faulo ni kumzawadia pointi moja na nusu. Lakini anayeingiza nusu tu huipatia timu yake pointi moja kwa kila safari ya mstarini, na timu nzuri ikiachwa icheze mpira wake hupata zaidi ya hapo kidogo. Anayeingiza chini ya nusu ndiye makocha wanayemwinda. Faida ni ndogo, ila ipo.

Mambo haya yalianza zamani. Wilt Chamberlain, aliyetawala miaka ya 1960, aliingiza takriban asilimia 51 ya mitupo yake huru, na mwisho wa mchezo wapinzani walikuwa wakimkimbiza uwanjani hata kama mpira uko upande mwingine. Ligi ikaona aibu, ikaweka kanuni: katika dakika mbili za mwisho, faulo ya mbali na mpira inalipwa kwa mtupo mmoja, unaopigwa na mchezaji yeyote aliyeko uwanjani, kisha mpira unabaki kwa timu iliyofanyiwa faulo. Mbinu ikafa katika dakika hizo mbili. Nyingine 46 zikaachwa wazi.

Don Nelson akapita hapo. Desemba 1997, akiwa kocha wa Dallas Mavericks, alimtuma Bubba Wells amshike Dennis Rodman wa Chicago Bulls. Wells alimaliza faulo zake sita ndani ya dakika tatu akatolewa, Rodman akaingiza 9 kati ya 12, Bulls wakashinda. Baadaye mbinu ikamhamia Shaquille O'Neal, ikapata jina lake, Hack-a-Shaq. Katika mchezo wa pili wa fainali za 2000, Indiana Pacers walimpeleka mstarini mara kwa mara hadi akatupa mitupo 39. Aliingiza 18 tu, na bado timu yake, Lakers, ilishinda 111 kwa 104.

Julai 2016, baada ya msimu ule wa Drummond, ligi iliipanua kanuni ya Chamberlain hadi dakika mbili za mwisho za kila robo. Ni hatua, lakini ni nusu ya safari. Kama kumshika mtu asiye na mpira ni kosa kubwa zikibaki dakika mbili, ni kosa kubwa pia zikibaki tano.

Wanaoipinga hoja hii husema: ajifunze kutupa. Ni hoja yenye uzito. Chamberlain mwenyewe, usiku alipofunga pointi 100 mwaka 1962, aliingiza 28 kati ya 32 kwa kutupa kwa mikono miwili kutoka chini, kisha akaiacha njia hiyo kwa sababu ya aibu. Nami nasema ajifunze. Lakini asiyejua kutupa tayari ana adhabu yake: anakosa kila anapofanyiwa faulo akifunga, na dakika za mwisho kocha wake humkalisha benchi. Kinachonikera ni kwamba anayevunja kanuni ndiye anayefaidika. Faulo iliwekwa iwe hasara kwa anayeifanya.

Tena dawa yake inajulikana. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinazotumika pia kwenye Ligi ya Kikapu ya Afrika, refa anaweza kuihesabu faulo ya aina hii kuwa isiyo ya kimichezo: mitupo miwili, mpira unabaki kwa waliofanyiwa faulo, na anayeirudia katika mchezo huohuo anatolewa nje.

Ndugu zetu walioko Dar, Nairobi na Lubumbashi huamka saa tisa usiku kuangalia NBA, saa ambayo sisi huku Marekani tumemaliza tu chakula cha jioni. Wanaacha usingizi ili waone mpira ukichezwa, si mtu mzima akikumbatiwa na kutembezwa kwenda mstarini. NBA iichukue kanuni yake yenyewe ya dakika mbili na kuitumia dakika zote 48.