Mama Aliyebisha Hodi kwa Ngugi



Huku Mususa wengi wetu tunajua maana ya kupoteza nyumba. Katika vikundi vyetu mna wamama waliokimbia kutoka upande wa Beni, wakaacha shamba, mbuzi, na picha ya harusi ukutani. Ndiyo sababu juma hili tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyepoteza makao zaidi ya mara moja, na bado kazi yake ipo. Ni Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, mtunzi wa vitabu na michezo ya kuigiza, aliyefariki Marekani tarehe 28 Mei 2025 akiwa na miaka 87.

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Kamirithu, Limuru, mahali pa baridi na mashamba ya chai. Mtu wa Butembo angepazoea upesi. Mama yake, Wanjiku, alikuwa mke wa tatu katika boma la wake wanne. Hakujua kusoma. Siku moja akamuuliza mtoto wake kama angependa kwenda shule, akampa na sharti: siku nyingine hakutakuwa na chakula cha mchana, lakini asije akaacha masomo kwa sababu ya njaa. Karo ilitoka katika mazao aliyoyalima na kuyauza. Kila mtoto alipoleta matokeo, mama alikuwa na swali moja tu: je, huo ndio mwisho wa uwezo wako?

Mwaka 1955 Ngugi, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Alliance, alirudi nyumbani kwa likizo na hakukuta nyumba. Waingereza walikuwa wakipambana na Mau Mau, na watu wa mahali pake walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika kijiji kipya. Boma la zamani lilikuwa limebomolewa lote. Wamama waliotoka Beni hawahitaji tuwaeleze kijana yule alisikia nini moyoni.

Kule Uingereza, nyumba ambamo Shakespeare alizaliwa mwaka 1564, katika mji wa Stratford-upon-Avon, ilinunuliwa mwaka 1847 ili itunzwe kwa faida ya wote. Mpaka leo watu hutoka mbali kuitazama. Ngugi hakuachiwa nyumba ya namna hiyo. Basi ni nani aliyelinda kazi yake? Jibu letu linaanza na mama mmoja wa kijiji.

Mwaka 1976 Ngugi alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mtu mwenye jina. Asubuhi moja mama wa Kamirithu akabisha hodi kwake. Hakuzunguka. Alimwambia kuwa wamesikia ana elimu nyingi na anaandika vitabu. Kwa nini asiwagawie watu wa kijiji chake kidogo tu? Kulikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kikifa, naye alitaka msaada wa kukifufua. Ngugi hakukubali mara moja. Mama akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka mwalimu akaenda.

Walianza na masomo ya kusoma na kuandika kwa watu wazima. Kisha ukaja mchezo wa kuigiza, alioutunga pamoja na Ngugi wa Mirii kwa lugha ya Kikuyu: Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda. Unasimulia familia maskini yenye kipande cha shamba na hati yake. Tajiri anawashawishi wafanye harusi kubwa ya kanisani, wanachukua mkopo wa benki, na shamba linakwenda. Je, mambo hayo ni mageni kwetu?

Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mazoezi yalifanyika hadharani, na kila aliyepita aliweza kusema neno hili si hivyo, wazee wetu walisema hivi. Wamama wazee walileta nyimbo za zamani za harusi ambazo wasomi hawakuzijua. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi, wenye nafasi ya kukaa watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngugi akakamatwa, akawekwa katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Humo akaandika kitabu kwenye karatasi za chooni. Mke wake alijifungua mtoto wa kike mume akiwa ndani, na watu wa Kamirithu wakampa mtoto jina lenye maana kwamba yeye ni wa watu wote.

Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie. Huo nao ukazuiwa. Tarehe 12 Machi 1982 polisi wakaja kwa malori, wakabomoa ule ukumbi. Ngugi akabaki ugenini, hakukanyaga Kenya mpaka mwaka 2004. Lakini mwezi wa Mei 2022, katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho Nairobi, Ngaahika Ndeenda ulichezwa tena. Walibomoa mbao na miti. Maneno na nyimbo vilikuwa vimekwisha kuingia kwa watu.

Kuna jambo jingine tusilolifunika. Ngugi mwenyewe aliandika kwamba baba yake alimpiga mama yake, mpaka mama akarudi kwa wazazi wake. Na mwaka 2024 mtoto mmoja wa Ngugi, naye ni mwandishi, alisema hadharani kwamba Ngugi alimpiga mke wake wa kwanza. Sisi hatukuwako, na hatukai hapa kuhukumu. Lakini sisi ni chama cha wamama. Tukisema tunatunza maisha ya mtu, hatuwezi kutunza sifa za mume na kufagia machozi ya mke. Hadithi ya nyumba ni ya wote waliokaa ndani yake.

Sasa tugeuke upande wetu. Bibi zetu wana hadithi, methali na nyimbo za Kinande ambazo watoto waliozaliwa mjini hawazijui. Kila mazishi tunapoteza nyingine. Tunaomba kila kikundi kinunue daftari moja. Mmoja wetu amketishe bibi, asikilize, aandike kwa Kinande kwanza, halafu kwa Kiswahili. Aandike pia jina la msimulizi, kijiji alikozaliwa na tarehe. Asiyejua kuandika amwombe binti yake anayesoma, au wanase sauti kwenye simu. Kisha nakili daftari la pili na liwekwe katika nyumba nyingine. Nyumba moja ikiungua, nyingine ibaki na maneno.

Na Jumapili, baada ya ibada, watoto waigize hadithi moja uwanjani. Hakuhitajiwi jukwaa. Mikeka na sauti zinatosha, na bibi aketi mbele kuwasahihisha.

Mwisho, katika kila mtaa wetu mna mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesomeshwa kwa jasho la mama fulani. Tuende tukabishe hodi kwake. Tumwombe kidogo tu cha elimu yake na kidogo cha muda wake. Akisema ana kazi nyingi, tumshukuru, tuage kwa heshima, na Jumapili ijayo turudi.