Unauza nyumba? Ioshe uso kwanza!

Bibi harusi hatolewi ndani na kanga ya jikoni, lakini nyumba zetu za Sinza na Magomeni tunazitoa hivyo hivyo! Mteja anafika na dalali, anapokelewa na kamba ya nguo, ndoo zimezagaa sebuleni, kabati limeziba dirisha. Hujafungua mdomo, yeye kichwani keshakata bei.

Kule Marekani, wakala wa nyumba Barb Schwarz alianza mwaka 1972 kuzipanga nyumba kama jukwaa la maigizo kabla ya kuziuza. Wewe huhitaji makochi mapya. Punguza vyombo, sebule ionekane kubwa. Shusha picha za ukoo; mteja anataka kujiona yeye pale, si shangazi yako. Badili balbu zilizoungua, ziba bomba linalovuja, sugua choo king'ae (akina mama wengi huanzia huko, usicheze).

Rangi? Piga, ila si ya kufichia ukuta unaotoa chumvi. Chumvi hurudi, rangi inabanduka, na mjanja akiona kiraka kibichi atauliza unaficha nini. Mweleze ukweli. Dalali akikunong'oneza, "Bosi, shusha bei kidogo," mwambie asubiri kwanza rangi ikauke.