Lugha ya Fundi na Kanuni za Nyumba Katika Bonde la Kilombero

Barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba hupita chini ya milima ya Udzungwa, na njiani hufika Mbingu, mahali ambapo mgeni hudhani, kwa kusikia jina tu, kwamba ni ule wingi wa neno uwingu. Nyumba za huko, kama za vijiji vingi vya bonde la Kilombero, hazikujengwa zote kwa namna moja. Iko ya miti na udongo yenye paa la nyasi. Jirani yake ni ya matofali ya kuchoma, nayo bado imeezekwa nyasi. Na ya tatu ni ya matofali na bati. Kwa lugha ya ofisini, hiyo ya tatu peke yake ndiyo iitwayo “nyumba bora”. Sasa miji ya bonde hili, Ifakara ikiwa ya kwanza, inapozidi kukua, hapana budi iandikiwe miongozo ya ujenzi ili mitaa yake itunzwe na kutengenezwa. Yafaa kwa hiyo kulipima neno hilo kabla halijafanywa msingi wa kanuni, maana neno likiwa legelege, kanuni iliyojengwa juu yake haitasimama.

Bora ni neno la kulinganisha. Kitu huwa bora kuliko kingine, na kwa jambo fulani. Atamkaye “nyumba bora” bila kutaja jambo hilo amemwachia msikilizaji alijaze mwenyewe, na wasikilizaji wengi hujaza bati na saruji. Fundi hawezi kujenga ubora. Hujenga msingi, hupandisha kozi za matofali, humwaga linta, hupiga kenchi, huezeka. Kila moja ya kazi hizo ina jina lake, kipimo chake na gharama yake, na hapo ndipo kanuni ingeweza kumshika mkono. Ikimwambia ajenge nyumba bora tu, haikumwambia neno. Lakini yule asiye na fedha za bati imemwambia mengi: kwamba nyumba yake haitakiwi.

Wala hofu hiyo si ya kubuni. Katika miaka ya 1920 mji wa Dar es Salaam uligawanywa katika kanda tatu kwa kufuata aina ya majengo, na lugha ya watu ikaupokea mgawanyo huo kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kanuni ilisema habari za majengo, bali watu waliielewa kuwa inasema habari za watu, na hawakukosea. Hata leo, miaka mingi tangu mpangilio ule kufutwa, “uswahilini” husemwa kwa dharau na wengine ambao wao wenyewe ni Waswahili, na hili ni ajabu moja ya lugha yetu ambayo ingestahili makala yake peke yake.

Hata hivyo serikali imepata kusema na watu habari za nyumba kwa maneno yaliyoingia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma, na ile ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017, zote mbili zimechukua muundo mmoja: jina, kisha “ni”, kisha jina jingine. Ni muundo wa methali. Lakini tofauti yake na “nyumba bora” haiko katika utamu wa kusikika. “Nyumba ni choo” humtajia mtu kitu cha kufanya. Akichimba choo ameitii, na asipochimba ajua kwamba hakuitii.

Katika bonde la Kilombero jambo la kutajwa lajulikana vizuri kuliko mahali pengi Afrika. Mwaka 1957 Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, kwa juhudi za Rudolf Geigy, ilifungua maabara Ifakara, na kutoka maabara hiyo ikatokea Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Watafiti wake wamechunguza mbu wa bonde kwa miongo mingi, na huko Lupiro wamejenga hata vibanda vya majaribio kwa kufuata umbo la nyumba za wenyeji. Yaliyoonekana ni haya. Mbu aina ya Anopheles gambiae huifuata harufu ya mtu aliyelala. Akigonga ukuta hupanda juu, na anapokuta uwazi kati ya kichwa cha ukuta na paa, hapo huingia. Mlango wake mkubwa, basi, si ule wa watu.

Sasa, uwazi huo una jirani mwenye jina zuri katika Kiswahili. Mti unaolazwa juu ya ukuta ili kubeba makombamoyo huitwa mtambaapanya, yaani mahali atambaapo panya. Wahenga waliolitunga neno hilo walikwisha kuona kwamba kichwa cha ukuta ni njia; kwao mpita njia alikuwa panya, na kwa mtafiti ni mbu. Mwongozo ungesema, “Uwazi wote ulio juu ya mtambaapanya uzibwe kwa udongo au kwa wavu,” ungeeleweka na mwenye nyumba ya nyasi sawasawa na mwenye nyumba ya bati. Kazi hiyo haimngoji mtu apate saruji kwanza. Mkono ule ule unaokandika ukuta waweza kukandika na huko juu.

Faida ya kuziba imepimwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wakaao katika nyumba za kisasa walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa malaria uliopungua kwa asilimia 47, wakilinganishwa na wakaao katika nyumba za jadi. Huko Gambia, jaribio lililotangazwa mwaka 2009 lilikuta upungufu wa damu kwa watoto 19 katika kila 100 wa nyumba zilizoachwa wazi, na kwa 12 tu katika kila 100 wa nyumba zilizotiwa nyavu; na nyumba zilizotiwa dari peke yake zilitoa hesabu hiyo hiyo ya 12. Walakini nchi hiyo hiyo ilitoa jibu jingine mwaka 2021: nyumba zilizobadilishwa nyasi kwa bati na kuzibwa hazikuwapunguzia watoto malaria kupita vyandarua walivyokuwa navyo tayari. Matokeo haya ya pili yasifichwe. Nyumba iliyozibwa mchana na kuachwa mlango wazi jioni haikuzibwa. Na bati bila matundu ya juu yenye wavu hutia joto, na joto huwatoa watu nje saa zile zile za mbu. Kwa hiyo kanuni isemayo “bati” na kunyamaza yaweza kuharibu pale ilipotaka kutengeneza.

Swali la pili ni la kuhifadhi: je, mji waweza kutengenezwa bila kufutwa? Bara hawajaliuliza sana. Pwani wamelijibu kwa miaka mingi, nao wana la kufundisha. Lamu ilichunguzwa na Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake juu ya uhifadhi wa mji huo kilitoka mwaka 1976, na mwaka 2001 mji wa kale ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba virefu, na sababu yake ni boriti: mti wa mkoko haubebi dari pana, basi upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Kanuni ya nyumba hiyo haikuandikwa na yeyote. Imo ndani ya mkoko. Unguja nao waliunda mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985, mpango wake mkuu ukatoka mwaka 1994, na Urithi wa Dunia ukafuata mwaka 2000. Huko fundi hufundishwa kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe hupakwa chokaa, kwa kuwa saruji huufungia unyevu ndani mpaka ukuta ukaoza. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa, kuliwakumbusha wote kwamba jengo halitunzwi kwa sifa zake.

Ifakara haina nyumba za matumbawe, wala hapana haja ya kuifanya Lamu. Inacho chake. Mitaa yake ina nyumba ya Kiswahili ya vyumba vilivyopangwa huku na huku ya ukumbi, baraza mbele na ua nyuma, umbo lililotoka pwani likakaa. Baraza ndilo linaloufanya mtaa uwe mtaa; hapo mgeni hupokewa kabla hajaingia ndani, na hapo mtoto wa jirani huonwa apitapo. Mwongozo unaodai kila kiwanja kizungushiwe ukuta mrefu waua baraza bila kulitaja. Tena liko bonde lenyewe, ambalo kilomita za mraba 7,967 za tambarare yake zimekuwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, na maji yake hayasomi ramani ya viwanja. Kimo cha msingi, kwa hiyo, lingekuwa jambo la kwanza katika kanuni za huko, nayo rangi ya bati la mwisho.

Yako pia makao ambayo mipango ya mji huyasahau. Msimu wa mpunga familia nyingi za bonde huhamia mashambani na kukaa katika vibanda, kwa majuma au miezi, wakilinda mazao. Kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo Kiswahili hukiita dungu. Dungu halina kuta za kuziba. Mtoto aliyelala salama Mbingu mwezi mmoja aweza kulala wazi mwezi ufuatao, na hakuna sheria ya mipango miji itakayomfikia huko, isipokuwa chandarua.

Habari ya chandarua yaonyesha uzito wa jina. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua na dawa yake viliuzwa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, kitenzi na yambwa yake, wala hapana aliyehitaji kufasiriwa. Matumizi yake yakahusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Upande wa pili watafiti wakakuta kwamba degedege, kwa wazazi wengi, ni ugonjwa mbali na malaria, na tiba yake hutafutwa kwanza kwa mganga. Tangazo lililosema “malaria” halikumfikia mama ambaye mtoto wake, kwa maneno yake, hakuwa na malaria.

Hatari kama hiyo iko karibu katika ujenzi. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, basi kanuni za ujenzi zilizokaa muda mrefu katika Kiingereza zapaswa kuvaa maneno ya Kiswahili. Mfasiri wa ofisini ataliona neno upenu katika kamusi na kuandika, “Upenu wote uzibwe.” Ni Kiswahili safi. Lakini upenu ni ule mwisho wa paa unaotokeza nje ya ukuta, na kwa watu wengi ni pia kile kibanda kilichoegemezwa ubavuni mwa nyumba, ambacho watu hupikia au kuweka kuni. Mwenye nyumba atakayeielewa amri kwa maana hii ya pili atalifungia jiko lake moshi ndani, na juu ya mtambaapanya mbu wataendelea kupita. Dawa yake ni rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mafundi na mbele ya wanawake wanaokandika kuta, Ifakara, Mbingu na Lupiro, kila mmoja aulizwe aonyeshe kwa kidole mahali palipotajwa, na pale vidole vinapoelekea pande mbili sentensi iandikwe upya.