Kisichojulikana Kiko Juu au Chini?

Mpe mwanafunzi wa Gredi ya 9 milinganyo miwili, x² = 64 na 2ˣ = 64, kisha nyamaza umtazame akiandika. Akijibu 32 kote, basi kwake kipeo bado ni kuzidisha tu, 2 mara x. Kumpa kurasa mbili zaidi za mazoezi kabla ya kunyoosha hapo ni kulikazia kosa. Mlinganyo wa kwanza una majibu mawili, 8 na −8 (hilo la pili wengi hulisahau), nao wa pili una jibu moja, 6.

Wanaofundisha Sekondari Msingi nchini Kenya wanajua vipeo na logarithi ni mada ya Gredi ya 9, darasa ambalo mwaka 2025 lilifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA. Kanuni zenyewe watoto wengi huzikariri bila taabu. Kinachowashinda ni kutambua mlinganyo ulio mbele yao ni wa aina gani, na mazoezi tunayowapa ndiyo yanayowanyima nafasi ya kujifunza hilo. Swali la kwanza la zoezi likiwa 2ˣ, na yote kumi yanayofuata yakiwa vivyo hivyo, mwanafunzi ameshaijua njia kabla hajasoma swali.

Nchini Marekani, Doug Rohrer na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la saba katika madarasa 54 jimboni Florida. Baadhi yao walipewa mazoezi yaliyochanganya mada, wengine mada moja moja. Mwezi mmoja baadaye walipewa jaribio la ghafla: waliochanganyiwa walipata wastani wa asilimia 61, wenzao 38. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Mada zao hazikuwa vipeo, lakini kwenye vipeo ndiko ninakoona mchanganyiko unahitajika zaidi, kwa sababu x² na 2ˣ zinafanana mno machoni.

Hapa kwetu Isiolo hatuna haja ya mfano wa kubuni wa kufundishia vipeo. Akina mama wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi, na kila mtoto wa mjini hapa anajua maziwa yakikawia kwenye joto yanachacha. Yanachachushwa na bakteria wanaojigawa. Bakteria aina ya E. coli, akipata joto linalomfaa, huwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Tukirahisisha, tumuulize mwanafunzi: kutoka bakteria mmoja, watafika 4,096 baada ya muda gani? Mlinganyo ni 2ⁿ = 4,096, n ikiwa ni mara ambazo bakteria wamejigawa. Aandike 2, 4, 8, 16, akishuka daftarini mpaka afike. n ni 12, yaani dakika 240, saa nne kamili.

Sasa tuseme mtungi haukuoshwa vizuri, na bakteria wameanza wakiwa 8. Mlinganyo unakuwa 8 × 2ⁿ = 4,096, na hapa pana mtego. Anayezidisha 8 kwa 2 kwanza anapata 16ⁿ = 4,096, na jibu linatoka safi kabisa: n = 3. Hakuna sehemu wala desimali ya kumshtua. Njia ya kumwokoa ni moja, alirudishe jibu mahali pake: 8 × 2³ ni 64, na 64 iko mbali sana na 4,096. Aliyeona kuwa 8 yenyewe ni 2³ ataandika 2³ × 2ⁿ = 2¹², kisha 3 + n = 12, na n ni 9. Saa tatu. Mtungi mchafu umekula saa nzima, na ile 3 aliyoijumlisha ni mara tatu ambazo bakteria walikuwa wamekwisha kujigawa: kutoka 1 hadi 2, hadi 4, hadi 8. Mtoto akiliona hilo, kanuni ya kujumlisha vipeo haihitaji tena kukaririwa.

Orodha hiyo hiyo ikisomwa kurudi nyuma, 8, 4, 2, kila hatua ni kugawa kwa 2, kwa hiyo inayofuata ni 1, halafu nusu. Ndivyo 2⁰ inavyokuwa 1, na 2⁻¹ kuwa nusu.

Mzazi asiyekumbuka hesabu anaweza kusaidia pia. Mwandikie mtoto maswali matano yaliyochanganywa: x² = 81, 3ˣ = 81, x³ = 27, 5 × 5ˣ = 125, 4ˣ = 8. Kabla hajagusa kalamu, aseme kwa kila swali kama kisichojulikana kiko juu, kama kwenye 3ˣ, au chini, kama kwenye x². Akimaliza, azidishe mbele yako kuonyesha kila jibu linakubali. Swali la mwisho litamsumbua, maana 4 haifiki 8 kwa kipeo kizima. Usimpe jibu. Mwambie aandike 4 na 8 zote kwa kutumia 2, kisha umwachie muda.