Mawe yatoboa siri ya barafu ya Antaktika
MAWE yaliyoachwa na barafu huko Antaktika yanawasaidia wanasayansi kufahamu jinsi barafu hiyo ilivyopungua tangu kilele cha enzi ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita 120.

Jiwe likishafunuliwa hupigwa na miale kutoka anga za juu, na chembe za beriliamu-10 hujengeka ndani yake. Wingi wa chembe hizo huonyesha muda ambao limekaa wazi.

Historia hiyo ni muhimu leo, kwani ardhi iliyotuliwa mzigo wa barafu ingali inainuka. Setilaiti za GRACE, zilizofanya kazi kati ya mwaka 2002 na 2017, zilipima mabadiliko ya mvutano wa dunia yanayotokana na barafu na ardhi kwa pamoja. Mawili hayo yasipotenganishwa, makadirio ya barafu inayopotea hupotoka.