Bima ya afya kwa mtoto wa mchimbaji mdogo bado kitendawili

FAMILIA nyingi za wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mikoa ya Shinyanga na Geita zimeendelea kubaki nje ya mifumo ya bima ya afya, licha ya ukanda huo kutajirika kwa madini.

Kwa mtumishi wa umma jambo hilo ni jepesi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hukata asilimia 3 ya mshahara wake, mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, na mwenza pamoja na wategemezi wasiozidi 4 hutibiwa. Mwanaapolo wa Nyarugusu au Rwamgasa hana mshahara wa kukatwa. Hugawiwa mifuko ya mawe, tena pale tu duara linapotoa.

Mwaka 2016 NHIF ilianzisha Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi yeyote kulipa Sh50,400 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Tatizo ni kwamba wazazi wengi waliikata mtoto akiwa tayari anaumwa. Bima huwatibu wachache wagonjwa kwa fedha za wengi wazima; wazima wasipoingia, mfuko hukauka. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa kupitia shule au kaya. Uamuzi huo ulilalamikiwa, na kwa haki, kwani wenye watoto wa maradhi sugu ndio walioumia kwanza. Hata hivyo, hoja ya mfuko kuelemewa haikuwa ya kubuni.

Njia ya kaya haikuwa ngeni Shinyanga. Mkoa huo, pamoja na Dodoma na Morogoro, ulijaribu Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa kabla haujaenezwa nchini mwaka 2018. Kaya ya watu 6 ililipa Sh30,000 kwa mwaka, yaani Sh5,000 kwa kila mtu, na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa watoto 4, Toto Afya ingegharimu Sh201,600. Lakini kaya za Usukumani si nadra kuzidi watu 6, na mtoto wa saba huhitaji dawa kama wenzake.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 huwasamehe gharama watoto wa chini ya miaka 5, ingawa dawa zikikosekana zahanati mzazi hutumwa duka la dawa. Baada ya umri huo msamaha hukoma. Ni watoto wa rika hilo la juu ambao shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2013 kuwa wakifanya kazi machimboni, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Ugumu utakuwa katika kuwatambua. Mchimbaji aliyeuza dhahabu mwezi uliopita haonekani maskini, japo masika yakijaza maji mashimo hubaki mikono mitupu. Na familia iliyohamia machimbo mapya, jana Kahama, leo Geita, ni rahisi kukosekana katika daftari la mtendaji wa kijiji linapofunguliwa.