Shaba, herufi na mgomo wa Nairobi

Siku moja sisi watatu wa sendika tulitoka hapa Lukafu, tukaenda mjini kutafuta buti za kazi ku magazini ya Wahindi. Tulipokuwa tunangoja bei, macho yakaenda kwenye kalendari ya ukutani. Herufi zake zilikuwa zimetundikwa chini ya mstari mmoja, kama nguo ku kamba. Mwenye magazini akaona tunashangaa, akacheka. « Ile ni Kihindi, bapapa. Yangu njo hii, Kigujarati. » Akafungua kitabu chake cha madeni. Herufi ni za ukoo uleule, lakini mstari wa juu hauko. Wafanyabiashara walikuwa na haraka, akasema, wakauacha.

Tulirudi na buti na maulizo mingi. Kwetu watu wa mine, neno la herufi si mchezo. Mwaka jana ndugu mmoja wa ekipi yetu alipoteza vidole viwili ku mashini yenye onyo la Kishinwa tupu. Onyo lilikuwa pale, jekundu, kubwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kulisoma. Kampuni hatuitaji jina, maneno bado iko ku meza.

Katika kuulizauliza tukakuta mtu wa sendika kama sisi: Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Kenya mwaka 1927. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa Nairobi, na kijana akafanya kazi mule. Mwaka 1935 akawa katibu wa sendika ya wafanyakazi. Mafundi Wahindi wa Nairobi hawakusoma herufi za namna moja: Masingasinga na Gurmukhi yao, Wagujarati na yao, wengine Kiurdu. Sendika ikatoa makaratasi kwa Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, na Kiswahili vilevile. Mwaka 1937 wakagoma siku 62, na mishahara ikapanda kwa asilimia kati ya 15 na 25. Hatusemi ni makaratasi peke yake yaliyoshinda. Lakini mtu hawezi kushika mgomo miezi miwili kwa neno asilolielewa. Serikali ya Waingereza ilimwogopa: ilimkamata mwaka 1950, ikamwachilia mwaka 1961 tu.

Sasa sikieni sehemu iliyotufurahisha zaidi. Zamani, kutengeneza herufi ya chapa ilikuwa kazi ya metali. Fundi alichonga herufi moja kwenye ncha ya chuma kigumu, ikiwa kinyume kama ku kioo. Kisha akaipiga kwa nyundo ndani ya kipande cha shaba. Ndiyo, shaba! Shaba ikawa tumbo la herufi. Mule ndani wakamwaga risasi iliyoyeyuka, imechanganywa na bati na antimoni, na herufi ikatoka. Sisi tunachimba shaba tangu wakati wa babu zetu na hakuna aliyetuambia hilo.

Kwa Kifaransa herufi zinakaa moja pembeni ya ingine, kwisha. Kwa Gurmukhi irabu inakaa juu, chini, mbele au nyuma ya herufi, na ule mstari wa juu lazima uungane bila tundu. Fundi alilazimika kuchonga vipande mingi zaidi. Kiurdu njo kilishinda mafundi kabisa: maneno yanateremka kwa mshazari, herufi inabadilika umbo kufuatana na jirani yake. Kwa hiyo magazeti ya Kiurdu yaliandikwa kwa mkono, kisha yakapigwa chapa ku jiwe. Mwaka 1981 tu, gazeti Jang la Pakistan likaanza kutumia herufi za mashini zilizochorwa na Mirza Ahmad Jamil. Alichora maumbo karibu 20,000. Moja moja!

Na si lazima uzaliwe ndani ya lugha. Fiona Ross, mama wa Uingereza, alijifunza Kibengali na kusimamia herufi mpya za gazeti Ananda Bazar Patrika la Calcutta. Lakini alijifunza kwanza, akakaa na wenye lugha. Siku hizi kazi hiyo inafanywa ku ordinateri.

Tuliyaeleza yote haya ku mkutano wa sendika. Mama mmoja, mke wa yule ndugu wa vidole, akasimama akauliza: « Kiswahili chetu kinataka herufi gani mpya? » Hakuna. Herufi zetu ni zilezile za Kifaransa, ziko ndani ya kila telefone. Hakuna chuma cha kuchonga, hakuna maumbo 20,000. Ni karatasi na gundi tu.

Njo tukaandika barua: kila mashini iwe na onyo kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata penye vumbi. Barua iko ku biro ya mkubwa tangu wiki mbili. Delege wetu anarudi kuuliza siku ya kwanza, asubuhi.